Naomba ushauri: mzazi akae wapi mtoto akicheza mechi?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miaka 7 anachezea timu ya watoto huku Tabata, mechi ni Jumamosi asubuhi. Wazazi tunajazana pembeni ya chaki: huyu "piga!", yule "rudi nyuma!", na kocha naye anaelekeza lake. Juzi mtoto alipewa pasi, akaukanyaga mpira, akageuka kunitazama usoni kwanza. Akanyang'anywa. Iliniuma sana.

Baba yake anasema tukae mbali, kule kwenye mwembe, tumwachie kocha kazi yake. Lakini akichezewa rafu akaumia je? Bado mdogo mno.

Wenye watoto wa umri huu, na makocha hasa, mnashauri umbali gani? Na wazazi wanaopiga kelele niwaambieje bila ugomvi?