Umeme, bomba, ufa: kipi ufanye mwenyewe na kipi umwachie fundi?

Jabali la Isamilo:
Mwangaluka wakuu. Naweka hoja mezani. Kuna msimamo unaenea hapa Mwanza kwamba chochote kinachogusa umeme, maji au ukuta lazima aitwe fundi, na mwenye nyumba akishika spana anaonekana bahili. Napinga. Bomba likidondosha, kazi yenyewe ni hii: funga koki ya kwenye mita, fungua bomba maji yaliyobaki yaishe, legeza kichwa chake kwa spana, toa washa (kipira kinachozuia maji) iliyolika, weka mpya ya nusu inchi, rudisha. Likiendelea kudondosha, kagua pale washa inapokalia. Pakiwa pamelika, nunua bomba jipya maana washa haitasaidia. Fundi anakuja kufanya nini hapo?

Vivyo hivyo flashi ya choo inayovuja usiku kucha, boya la tangi lisilokata maji, kubadili soketi, kitasa, rangi, kuziba ufa. Anayepinga aje na sababu, asije na vitisho.

Bisibisi wa Nyakato:
Kwenye washa niko na wewe. Ila umeichomeka soketi katikati ya boya na kitasa, na hapo ndipo tunaachana. Bomba ukilikosea, maji yatakuambia papo hapo. Umeme ukiukosea, taa inawaka kama kawaida na wewe unajipongeza.

Chukua shawa ya maji moto. Ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta takribani ampea 24. Mtu anaiunga kwenye waya wa soketi wa 2.5 mm², ule ule wenye pasi na jagi la umeme. Breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 20 inaanza kukata watu wakiwa na sabuni usoni. Suluhisho lake: ananunua breka ya 32 na kuipachika. Kweli haikati tena, lakini sasa waya ndio unaoumia. Unachemka ndani ya paipu, plastiki yake inalainika, na hakuna anayeona kwa sababu umefunikwa na plasta. Shawa hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya breka, 6 mm², breka ya 32, na swichi inayokata laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja, iliyowekwa nje ya bafu.

Halafu kuna miamba yetu. Nondo ya ethi, inayopeleka umeme uliovuja ardhini, ya mita 1.2 inatakiwa izame yote. Isamilo, Mabatini, Bugando, unaweza kupiga nyundo futi moja tu ukakutana na jiwe. Wa haraka haraka anaikata na kufukia kipande. Tuseme kipimo cha ukinzani wa ethi hiyo kinasoma omu 100: umeme ukivuja kwenye shawa ni 230 kugawa kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya 32 hata haishtuki. Shawa inabaki na umeme na anayeoga ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini. Dawa ni kutafuta udongo wenye unyevu hata kama uko kona ya kiwanja, kuzika nondo mbili au tatu zilizounganishwa, zikiachana angalau kwa urefu wa nondo moja, pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kina kitufe cha T. Kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, kimekufa, badilisha. Na omu za ethi zinapimwa kwa mita yake maalumu. Testa ya mfukoni haijui lolote kuhusu hilo.

Jabali la Isamilo:
Mkuu, soma ulichoandika. Aliyekata nondo ni nani? Fundi! Aliyeweka breka ya 32? Mara nyingi fundi pia. Mnataka nilipe hela ili nikosewe kitaalamu?

Bisibisi wa Nyakato:
Swali la haki. Mtu mwenye begi la vifaa kijiweni si lazima awe fundi umeme. Leseni za kufunga umeme zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na zina madaraja. Mwambie akuonyeshe, soma jina, daraja na tarehe ya kuisha. Kwa waliojifunza kazi mtaani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi, kwa hiyo "mimi sikusoma" si kisingizio tena. Na leseni peke yake haitoshi: sharti liwe apime ethi mbele yako na akuandikie alichosoma. Akikwepa kipimo, mshukuru, atafutwe mwingine.

Soketi unaweza kubadilisha mwenyewe kama unazima kwenye bodi, unahakikisha kwa testa uliyoijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, na unarudisha kila waya kwenye tundu lake. Ukikuta waya umebadilika rangi kwa joto, acha hapo hapo. Kuongeza soketi mpya ni habari nyingine kabisa.

Koki Kavu:
Nami niwatetee na kuwasuta wa bomba. Mwenye nyumba anaharibu zaidi kwa nguvu kuliko kwa kutojua. Tepu nyeupe inazungushwa kufuata mwelekeo wa kukaza. Ukiizungusha kinyume inajikunja yote unapofunga. Nusu inchi, mizunguko minane hadi kumi ya tepu hizi nyembamba. Kiungo cha plastiki kaza kwa mkono kisha robo ya mzunguko kwa spana, basi. Ukikaza kama nati ya gurudumu kinapasuka kimya kimya, na kinaanza kuvuja usiku presha ikipanda.

PPR, mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa, achia mtu. Mashine inapashwa hadi nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Ukizidisha muda au ukisukuma sana, plastiki iliyoyeyuka inajikusanya ndani na kubana njia. Bomba likiwa bado linatoa tone la maji, kiungo hakishiki. Na kabla plasta haijafunika, mabomba yajazwe maji yakiwa na presha, yaachwe saa 24.

Kuhusu tangi, wa mlimani wanapenda kulipandisha wenyewe. Mita kumi za mwinuko ni baa moja, kwa hiyo mnara wa mita tano unakupa nusu baa tu. Lakini lita 1,000 ni tani moja kabla hujahesabu mnara. Hapo si kazi ya mbao zilizobaki.

Karo la maji taka: usiingie, wala usimtume kijana aingie, hata likionekana tupu. Gesi yake huua, na ikizidi unaacha kuisikia harufu. Hilo halina mjadala.

Mama Mjengo:
Jabali, "kuziba ufa" umeitaja kama kupaka rangi. Ufa upi? Ulio mwembamba kama unywele, chini ya milimita moja, sawa: panua kidogo kwa ncha ya patasi, futa vumbi, lowanisha, jaza. Plasta iliyoachia ukutani unaijua kwa kuigonga, inalia kama debe tupu. Ng'oa yote hadi panapolia vizuri, kisha simenti moja kwa mchanga nne, na uimwagilie wiki nzima.

Ufa unaopanda kwa ngazi kwenye viungo vya tofali, au unaotoka kona ya dirisha kwenda mshazari, au unaopita milimita tano, usiuzibe. Nyumba nyingi za milimani nusu ya msingi imekaa juu ya jabali na nusu juu ya kifusi. Kifusi kinashuka, jabali halishuki. Ukiziba unaficha ushahidi tu. Gundisha kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, andika tarehe. Kikivunjika, ukuta bado unatembea, mtafute mhandisi. Mlango ulioanza kugoma kufunga ni dalili hiyo hiyo.

Kuta za mawe za kuzuia udongo ndizo zinanikera zaidi. Watu wanajenga bila vitundu vya kutolea maji. Masika yakija, maji yakisimama mita moja nyuma ya ukuta yanasukuma chini yake kwa takribani tani moja kwa kila mita ya mraba; mita mbili, tani mbili. Ukuta ukizidi kimo cha mtu mzima, achana na kukadiria kwa macho.

Mpangaji wa Buhongwa:
Sisi wapangaji je? Mwenye nyumba anasema "tengeneza, tutakatana kwenye kodi".

Bisibisi wa Nyakato:
Balbu, washa na boya fanya, tunza risiti. Chochote kinachofungua bodi ni cha mwenye nyumba, na apewe taarifa kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Vifaa nunua mwenyewe dukani kwa orodha ya fundi, maana ukimtuma yeye utalipia na cha juu. Malipo gawanya: sehemu akianza, sehemu akimaliza, ya mwisho baada ya kupima. Na kwenye mita ya LUKU, ukiona lakiri imekatika au mita inanuka kuungua, usimwite fundi yeyote. Piga TANESCO, kuanzia mita kwenda nguzoni ni mali yao.