Naomba ushauri: vichwa janja vya radieta kwenye nyumba ya kupanga, nianzie wapi?

BintiPangani

Habari za leo wadau. Nipo Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga yenye ghorofa moja, imebanana na za majirani pande zote mbili. Radieta ni saba: sebuleni, jikoni, koridoni chini, vyumba vitatu vya kulala juu, na ile reli ya taulo bafuni. Boila ni ya gesi aina ya kombi, kilowati 28, hakuna tangi la maji moto. Themostati ni moja tu, ipo ukutani koridoni.

Korido inapata joto upesi, themostati inazima boila, na chumba cha watoto cha nyuma kinabaki kwenye nyuzi 16. Nikipandisha themostati, jikoni na chumbani kwangu hakukaliki kwa joto, na bili inapanda. Chumba cha tatu halali mtu, lakini nacho kinapashwa usiku kucha.

Nataka kila chumba kiwe na joto lake na saa zake. Radieta tano zina vile vichwa vya kuzungusha vyenye namba 1 hadi 5. Ya korido na reli ya taulo hazina. Ninunue vichwa vingapi? Lazima maji yamwagwe? Na mwenye nyumba ni lazima ajue, au navifunga mwenyewe na siku ya kuhama naondoka navyo?

FundiJoto

Dada, kabla hujatoa hela, jua kichwa janja kinafanya kazi gani. Hakipashi chochote. Ni mota ndogo inayosukuma pini ya valvu ili kupunguza au kukata maji ya moto yanayoingia kwenye radieta. Chumba kilichozidi joto kitakituliza. Chumba cha baridi hakitakisaidia kitu kama maji hayafiki, au kama boila imeshazimwa.

Tatizo lako la kwanza liko koridoni, na dawa yake ni bure. Kila radieta ina valvu mbili, moja kila upande. Kwenye ile ya korido tafuta yenye kofia ya plastiki ambayo ukiizungusha haibadilishi kitu. Ivue, chini yake utaona kishina cha shaba. Kwa spana ndogo kizungushe kulia taratibu mpaka kifunge, huku ukihesabu mizunguko, na hesabu hiyo uiandike kwa sababu utairudisha ukihama. Kisha fungua robo mzunguko, usizidi nusu. Sasa korido itachelewa kupata joto, boila itaendelea kuwaka, na chumba cha nyuma kitapata muda wake. Iache siku nzima kabla ya kurekebisha tena.

Halafu washa boila nusu saa, nenda ukaguse radieta ya watoto. Ikiwa moto chini na baridi juu, ina hewa: zima boila, acha ipoe, toa hewa kwa ufunguo wake mpaka maji yaanze kutoka, kisha angalia presha ya boila, iwe kati ya bari 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi. Ikiwa moto juu na baridi chini katikati, kuna matope ya kutu ndani, na kuyasafisha ni kazi ya mwenye nyumba. Ikiwa vuguvugu yote, maji yanayofika ni machache: fungua zaidi valvu yake ya kusawazisha (ile yenye kofia isiyobadilisha kitu), na ubane kidogo za radieta zinazowahi kupata moto. Ikiwa baridi kabisa ilhali bomba linaloingia linachoma, pini imekwama.

Hayo yote yasipofanyika, vichwa vya bei yoyote vitakuangusha.

MzeeWaHamburg

Naunga mkono. Niongeze jambo moja: hivyo vichwa vya namba ulivyo navyo tayari ni themostati, vinafanya kazi bila umeme. Namba 3 kwa kawaida ni karibu nyuzi 20, namba 2 ni karibu 16, na kila namba inapanda kama nyuzi 4. Watu wengi huviacha 5 mwaka mzima wakidhani ni gesi ya jiko, kwamba ukiongeza chumba kinapata moto haraka. Hapana, kinapata moto kwa kasi ileile, ila kinachelewa kuacha. Weka chumba kisicholaliwa kwenye 2, jikoni 2, chumbani kwako 2 na nusu, cha watoto 3. Kichwa janja kinachoongeza juu ya hapo ni ratiba ya saa na kuongoza kwa simu.

Huku Ujerumani mara nyingi jengo zima hupashwa na boila moja ya chini, kwa hiyo vichwa pekee vinatosha. Hata Uingereza, mwenye fleti inayopata joto kutoka boila ya pamoja mara nyingi hana haja ya kifaa cha kuiamuru boila.

Kipimajoto

Sasa kuhusu ufungaji. Ukibadilisha kichwa tu, tone la maji halitoki, kwa sababu mwili wa valvu unabaki palepale. Vichwa vyako ni vitano. Radieta ya korido na reli ya taulo ziache bila vichwa, usizifunge kabisa.

Zungusha kichwa cha zamani hadi 5, ili kisiwe kinabana pini. Legeza kola yake kwa mkono kuelekea kushoto. Ikigoma funga kitambaa utumie koleo. Kivute. Utaona pini ndogo ya chuma katikati. Ibonyeze kwa kitu bapa: iingie milimita chache na irudi yenyewe. Ikibaki chini, igonge kidogo kwa pembeni, weka tone la mafuta ya silikoni, endelea kuibonyeza na kuiachia. Usiivute kwa koleo hata siku moja. Kwenye valvu nyingine pini inachomoka, na maji ya moto yenye presha yatakufuata.

Pima shingo ya valvu. Nyingi zina hesi ya M30 × 1.5 (kipenyo milimita 30), na vichwa karibu vyote vinaingia moja kwa moja. Danfoss aina ya RA haina hesi, ina shingo laini yenye vishimo pembeni, hiyo inataka adapta ya kubana. Valvu za zamani za Uingereza zina vipimo vyao, kwa hiyo piga picha shingo zote tano kabla ya kuagiza, usidhani zinafanana kwa kuwa ziko nyumba moja.

Utaratibu wa mwisho ndio unaowashinda wengi. Tia betri kwanza, usubiri mota irudi nyuma kabisa, unganisha na habu (kituo kinachoviunganisha vichwa na simu), ndipo ukifunge kwenye valvu na kukiamuru kijipime. Ukikifunga mota ikiwa nje, kitagoma kukaza, na ukilazimisha unavunja kola ya plastiki. Kikijipima halafu kikaleta kosa, mara nyingi adapta haijakaa sawa au pini imekwama.

Betri ziwe za alkali, AA za volti 1.5. Za kuchaji hutoa 1.2, kwa hiyo vichwa vingi huzisoma kama zimekwisha na mota inakosa nguvu ya kufunga.

Mwenye nyumba: kwa vichwa pekee, mjulishe kwa ujumbe mfupi, na vya zamani vitie kwenye mfuko wenye lebo ya chumba chake.

Mwambao_Reading

Wakuu mmeacha kitu kikubwa. Vichwa bila kuiambia boila ni nusu ya kazi. Chumba cha watoto kikihitaji joto saa kumi usiku na themostati ya korido imeridhika, kichwa kitafungua valvu na maji yatakayoingia ni baridi. Nunueni mfumo kamili, kama Drayton Wiser, tado° au Honeywell Evohome, ambao una kifaa cha kufungwa kwenye boila. Hapo chumba chochote kinaweza kuiamsha.

FundiJoto

Ni kweli, mkuu, ila yeye ni mpangaji. Kifaa hicho kinaingia kwenye nyaya za boila. Boila nyingine swichi yake ni ya volti 230, nyingine haitaki volti yoyote ya nje, na ukikosea unaunguza bodi. Hiyo ni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na kazi ya fundi. Kifuniko cha ndani cha boila ya gesi afungue aliyesajiliwa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi Uingereza) peke yake. Kwa kuwa sheria inamtaka mwenye nyumba akague gesi kila miezi 12, dada aombe kazi hiyo ifanywe fundi akija kwa ukaguzi.

Kwa sasa kuna njia isiyogusa nyaya: korido ibanwe kama nilivyosema, themostati yake ipandishwe hadi 21 saa za kukaa nyumbani, na vichwa vitano vifanye kazi ya kuzuia. Boila itawaka zaidi kuliko mfumo kamili, lakini kila chumba kitapata kipimo chake. Na ndiyo sababu korido na reli ya taulo hazifungwi: vichwa vyote vikijifunga, pampu ikose pa kupeleka maji, utasikia mabomba yakivuma na boila itajizima kwa joto kuzidi.

Kipimajoto

Mwambao, hata mfumo kamili una mtego. Kombi ya kilowati 28 inaweza isishuke chini ya kilowati 5 au 7. Radieta ya paneli moja ya sentimita 60 kwa mita 1 hutoa karibu kilowati moja, maji yakiwa ya moto sana. Chumba kimoja kikiiita boila peke yake, itawaka dakika chache, itafikia kikomo, itazima, itawaka tena, usiku kucha. Gesi inapotea na vipuri vinachakaa. Kwa hiyo msigawe nyumba vipande vidogo mno. Vyumba vya juu vinavyolaliwa vipewe ratiba moja, sebule na jikoni ratiba nyingine.

Hapohapo shusha joto la maji ya radieta. Kwenye kombi lina kitufe chake chenye picha ya radieta, tofauti na cha bomba. Likiwa 75, jaribu 60. Maji yakirudi chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke kwenye moshi unageuka maji na kuirudishia boila joto ambalo lingetoka nje. Chumba kitachelewa kupata moto, basi ratiba ianze mapema kidogo.

Kwangu mimi, kushusha hilo joto kunatangulia kununua kichwa hata kimoja.

BintiPangani

Asanteni sana. Nimebana korido robo mzunguko na maji nimeyashusha 60. Chumba cha watoto kimefika 18 na nusu, sikutegemea. Vichwa bado navitaka kwa ajili ya ratiba. Ila radieta ya watoto ipo chini ya dirisha, nyuma ya pazia zito. Na chumba kisicholaliwa nikizime kabisa?

MzeeWaHamburg

Usikizime, mwanangu. Chumba chenye kuta baridi kinavuta unyevu wa nyumba nzima, na kuvu nyeusi itaanza nyuma ya kabati. Weka 15 au 16, funga mlango wake muda wote, na dirisha lifunguliwe wazi dakika kumi kila siku kuliko kuachwa nusu wazi kutwa. Mlango ukiachwa wazi, radieta za vyumba vya jirani zinabeba chumba hicho pia. Kwa watoto usishuke chini ya 18. Ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza ndani ya nyumba msimu wa baridi.

Kipimajoto

Kuhusu pazia: kichwa kinapima hewa inayokizunguka, na nyuma ya pazia hewa ni ya moto. Kitasoma 22 chumba kikiwa 19, kitafunga mapema. Pazia liishie juu ya radieta. Ikishindikana, chagua mfumo unaokubali kipimajoto cha pembeni, ukiweke ukuta wa ndani, kimo cha kifua, mbali na jua na televisheni.

Hata bila pazia, kila kichwa kina tofauti yake. Weka kipimajoto cha kawaida katikati ya chumba, subiri saa mbili joto litulie, linganisha. Kichwa kikisema 21.5 na chumba 19.5, ingiza kwenye programu sahihisho la −2.

Ukichagua vya Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani), chumba cha nyuma juu huwa mbali na habu. Vichwa vya betri havipasishi mawimbi kwa wenzake, kwa hiyo chomeka plagi janja ya Zigbee ngazini iwe daraja. Na kiangazi usitoe betri: vingi hujifungua na kujifunga mara moja kwa wiki ili pini isigande kabla ya Oktoba.