Naomba ushauri: barabara kubwa imefungwa, magari yamehamia mtaani kwetu

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Tangu barabara kubwa iliyo karibu nasi hapa Tudor, Mombasa, ifungwe kwa ukarabati, matatu, tuktuk na hata malori ya mchanga yanakatiza njia yetu ya ndani, ambayo magari mawili hayapishani mpaka moja lisogee barazani mwa watu. Juzi alasiri, watoto wakitoka madrasa, lori lilirudi nyuma likavunja ukingo wa baraza ambapo bibi mmoja huuza viazi karai; alhamdulillahi, alikuwa ameinuka kufuata maji.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti barabara zake na usimamizi wa magari, na Kifungu cha 37 kinaturuhusu kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Je, tuombe matuta, au tudai kwanza malori yazuiwe? Aliyewahi kuandika barua ya namna hii anielekeze, tafadhali.