Wakuu, toki renchi ya bei nafuu ya kutumia nyumbani, ninunue ipi?

mkazi_wa_goba: Habari za jioni wakuu. Nina IST yangu ya 1500, nimeamua service ndogo ndogo niwe nafanya mwenyewe nyumbani maana kila nikipeleka gereji inarudi na mlio mpya. Natafuta toki renchi, spana ya kupima nguvu ya kukaza, ile inayolia "taki" ukifika kipimo. Bajeti haizidi laki moja. Nimezunguka Gerezani nimeona Ingco, Total na nyingine hazina hata jina, zipo za kichwa cha nusu inchi na za 3/8. Muuzaji mmoja kaniambia chukua ya nusu inchi ya Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 28 hadi 210, inafunga kila kitu kwenye gari. Ni kweli? Naomba majibu mapema tafadhali.

Kizaramo Halisi: Toki renchi ya nini kwenye IST mkuu? Mafundi wetu wanafunga kwa mkono na magari yanafika Songea. Mpe fundi riziki yake na wewe ubaki na kazi yako.

Dereva wa Masafa: @Kizaramo usidanganye watu. Mimi fundi alipanda juu ya spana kwa miguu miwili kukaza nati za tairi, kesho yake niko Chalinze nasikia usukani unatetemeka, kushuka nakuta stadi (boliti zinazoshika tairi) mbili zimekatika na ya tatu imebaki inaning'inia. Nilikuwa na mama na watoto ndani. Kukaza sana ni hatari sawa na kulegeza, stadi inavutika mpaka inachoka. Tangu siku hiyo nati za tairi nafunga mwenyewe na nikishatembea kama kilomita 80 nazipitia tena.

Mzee Gasketi: Mleta mada, unataka kufunga nini hasa? Toki renchi haichaguliwi kwa bei, inachaguliwa kwa boliti.

mkazi_wa_goba: Vitu vya kawaida tu mzee wangu. Tairi, plagi, nati ya sampo ya kumwagia oili.

Mkadara254: Niaje wazito. Huku Nairobi pale Kirinyaga Road tafuta ile ya mshale, si ya kulia. Haina springi ya kuchoka, ukiona mshale uko kwenye sifuri kabla hujaanza basi iko poa. Ubaya wake ni moja, lazima uone kipimo, ukiwa umeinama kwenye kona utateseka.

Mzee Gasketi: Kwa tairi na plagi mbona una haraka hivyo? Sema ukweli nikusaidie.

mkazi_wa_goba: Sawa mzee. Nimeshafungua silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Gasketi iliungua, oili ikawa rangi ya chai ya maziwa, maji yanapungua kila siku. Fundi alitaka laki tano na nusu kazi na spea, gasketi yenyewe nimeipata kwa bei ndogo sana nikaona huu ni wizi. Hedi iko sebuleni juu ya boksi. Gari nalihitaji Jumapili asubuhi kwa sababu mwenyewe anarudi kutoka Mwanza.

Dada Tunu: Mwenyewe nani tena? Si ulisema IST yako?

mkazi_wa_goba: Ni ya shemeji, mume wa dada. Ila naitumia mimi mwaka mzima, mafuta naweka mimi, kwa hiyo nasema yangu. Hajui, nitamwambia likishawaka. Na kabla hamjaanza kunisema, nimeangalia video nyingi, kila boliti nimeiweka kwenye kadibodi kwa nafasi yake, sijafungua kienyeji. Na ile ya nusu inchi nimeshaiwekea advansi elfu thelathini, nataka tu uhakika kwamba inafaa.

Kizaramo Halisi: Unafungua injini ya shemeji bila ruhusa? Hata kama unajua, mwombe kwanza. Mali ya mtu haifunguliwi sebuleni. Dada yako ndiye atakayeulizwa, si wewe.

mpita_njia: Hii chai. Mwanzo IST yangu, sasa ya shemeji. Mwanzo nati za tairi, sasa hedi iko sebuleni. Huyu anauza spana, kesho ataibuka mtu na namba ya simu anasema "mimi ninazo za bei poa, njoo inbox".

Dereva wa Masafa: Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka picha.

mkazi_wa_goba: Wakuu picha inaonyesha namba za gari, siweki. Sina cha kuuza.

mpita_njia: Basi jibu hili. Mkanda wa taiming uliuwekea alama kabla ya kuutoa au uliutoa hivihivi?

mkazi_wa_goba: IST haina mkanda wa taiming, injini yake ya 1NZ ina cheni. Nimeitoa na kava lake la mbele, hapo ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Unanitega.

mpita_njia: Haya, umepita. Samahani mkuu.

Mzee Gasketi: Sasa tuongee kazi. Hedi ya 1NZ ina boliti 10. Unaanza za katikati unatoka nje kwa kupishana, raundi ya kwanza zote Nm 29. Baada ya hapo toki haihusiki tena, ni nyuzi za pembe: unazungusha nyuzi 90 zote kwa mpangilio uleule, halafu 90 tena. Chora alama ya rangi upande wa mbele wa kila boliti, ukimaliza alama zote ziwe zinatazama nyuma. Sasa hiyo ya 28 hadi 210, Nm 29 iko mwanzo kabisa wa kipimo, na hizi za mlio haziaminiki chini ya asilimia 20 ya kipimo chake cha juu. Kwa hiyo yako ianze kuaminiwa kwenye 42. Chukua ya 3/8 ya 20 hadi 110: hedi 29, nati ya sampo 37, tairi 103, zote zinaingia. Plagi ni 18, haifiki, hizo funga kwa uangalifu wa mkono.

mkazi_wa_goba: Mzee lakini advansi yangu? Siwezi kuanzia 42 nikarudi nyuma kidogo?

Mzee Gasketi: Hapana. Boliti iliyozidi hairudishwi nyuma, unailegeza yote unaanza upya. Rudi kwa muuzaji mbadilishane, ya 3/8 mara nyingi haizidi hiyo bei. Na puliza matundu ya boliti kwenye bloku mpaka yakauke, maji yakibaki chini boliti inayakandamiza, bloku inapasuka. Nyuzi za boliti (meno yake) paka oili kidogo tu. Halafu hedi umeipeleka kupimwa kama imepinda?

mkazi_wa_goba: Bado.

Mzee Gasketi: Ipeleke kesho asubuhi kabla ya kununua spana yoyote. Hedi iliyopinda haina gasketi wala toki itakayoiokoa.

Dada Tunu: Mimi nafundisha fizikia, nawapa njia ya kuijaribu spana mpya. Bana kichwa chake kwenye vaisi ilale sawa, ning'iniza kilo 10 sentimita 30 kutoka katikati ya kichwa, yaani katikati ya mkono wake. Hiyo ni Nm 29.4. Maji lita 9 na ndoo ya kilo moja inatosha. Iweke 25 lazima ilie, iweke 35 isilie. Ikikosea, irudishe dukani.

mkazi_wa_goba: Hii nimeipenda dada. Nimeongea na muuzaji, amekubali kubadilisha. Hedi inaenda kupimwa na kuskimiwa (kunyooshwa uso wake) asubuhi. Shemeji nitampigia leo usiku.

Kizaramo Halisi: Mpigie sasa hivi, usiku atasema unaficha kitu.

Dereva wa Masafa: Mzee Gasketi, na nati za tairi za Noah ni ngapi?

Mzee Gasketi: 103 vilevile. Nyuzi za stadi ziwe kavu, usipake grisi.