Mikopo mipya na kuchunguliwa CRB vinaweza kukwamisha mkopo wa nyumba?

mtu_wa_Pasiansi

Wakuu heshima kwenu. Naomba mawazo hasa kwa mliopo benki au mliowahi kupitia mkopo wa nyumba. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Mwanza, kuna nyumba ya vyumba vitatu Buswelu, ina hati kabisa, mwenye nyumba anahamia Dodoma na amekubali kunisubiri kwa vile tunafahamiana. Nataka niombe mkopo wa miaka 20.

Sasa shida iko hapa. Juzijuzi nimekopa pikipiki, rejesho ni 150,000 kwa mwezi na bado kama mwaka hivi, alafu nimemchukulia mama watoto simu ya mkopo ile ya kulipa kila siku, na kwenye laini yangu mwenyewe si mnajua mwezi ukifika katikati, vile vimikopo vya elfu 30 elfu 50 nachukua narudisha nachukua tena. Benki mbili nimeshaulizia na zote wamenisainisha karatasi ya kuruhusu waangalie taarifa zangu CRB, yaani zile kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Jamaa wa ofisini ananiambia kila benki ikichungulia unashuka alama, ya tatu wanakuona una njaa ya hela wanakupiga chini. Mwingine anasema mkopo wowote wenye chini ya miezi sita ni kukataliwa tu. Shemeji yangu yuko Marekani yeye anasema nizungukie benki zote ndani ya siku 45. Nimsikilize nani?

Basic yangu (mshahara wa msingi) ni 1,200,000. Makato: pensheni 60,000, bima ya afya 36,000, bodi ya mikopo 180,000, PAYE (kodi ya mshahara) 170,000. Pikipiki nalipa mwenyewe kwa simu, haipiti kwenye mshahara.

jenga_taratibu

Mkuu achana na mkopo wa miaka 20, riba utalipa mpaka uchoke. Nunua kiwanja Kisesa au Usagara, pandisha boma mdogo mdogo, ukifika lenta unapumzika unaendelea mwakani. Wengi tumejenga hivyo.

dawati_la_mikopo

Jenga_taratibu ushauri wako sio mbaya ila kaka hajauliza hilo, na nyumba yenye hati Buswelu unaingia leo sio kitu cha kuachia hivihivi. Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi hapa mjini Kenyatta Road ngoja nieleze vile tunavyoangalia sisi.

Kwanza hiyo ya kuchunguliwa. Kwetu Tanzania kampuni zenye leseni ya BoT (Benki Kuu) ya kutoa ripoti za mikopo ni Creditinfo na Dun & Bradstreet, na ripoti inaonyesha mikopo yako, unavyolipa, na pia nani kaulizia na lini. Benki mbili kuulizia kwa ajili ya nyumba hiyohiyo hakuna afisa mwenye akili atakukataa kwa hilo, atakachofanya atakuuliza "huko kwingine walikupa?" Anataka kujua kama kuna mkopo umeshapewa ambao bado haujatokea kwenye ripoti. Ukimjibu wazi na karatasi unazo yameisha. Kinachotisha ni ripoti yenye maulizo mengi ya mikopo midogomidogo ya taasisi tofauti tofauti, hapo tunajua huyu mtu mshahara haumtoshi.

Hiyo ya miezi sita mimi sijawahi kuiona kama sheria. Mkopo mpya hauna kosa kwa sababu ni mpya, kosa lake ni rejesho lake. Hapo ndo kwenye uzito wote, tupige hesabu yako.

Mtumishi lazima abaki na moja ya tatu ya basic, kwako ni 400,000. Makato yako ya lazima jumla 446,000, unabaki na 754,000. Toa 400,000, nafasi uliyonayo ni 354,000 kwa mwezi. Kwa mfano riba iwe asilimia 15 miaka 20, kila milioni moja unayokopa inarejeshwa kama 13,170 kwa mwezi. Kwahiyo 354,000 inabeba mkopo wa karibu milioni 26.9. Sasa weka pikipiki, unabaki na 204,000, inabeba milioni 15.5 tu. Pikipiki ambayo deni lake lote lililobaki halifiki hata milioni mbili imekunyima milioni 11 na zaidi ya nyumba. Na usijidanganye kwamba haionekani kwenye salari slipu, CRB inaonekana kama aliyekukopesha anapeleka taarifa, na hata asipopeleka tunaomba taarifa za benki na za simu za miezi kadhaa, tunapita na kalamu nyekundu mstari kwa mstari, kila tarehe 5 kuna 150,000 inatoka tutauliza hii nini.

mtu_wa_Pasiansi

Duh. Hiyo ya milioni 11 imeniuma kweli, sikuwahi kuliona kwa jicho hilo. Na vile vimikopo vya simu?

dawati_la_mikopo

Hivyo hela yenyewe ni ndogo ila vinasema tabia. Afisa akiona kila katikati ya mwezi unakopa 50,000 na mshahara ukiingia unakatwa hapohapo, anajiuliza huyu nikimbebesha 354,000 atakula nini? Acha kabisa kuanzia leo, miezi mitatu minne taarifa yako ya simu iwe safi. Na kama kuna kadeni ka elfu 8 ulikasahau kwenye laini ya zamani kalipe, maana kule kanaandikwa umechelewa siku kadhaa, na kuchelewa ndo kitu kinachoharibu kuliko maulizo yote uliyoyataja. Zile programu zisizo na leseni ndo usizisogelee kabisa, BoT ilishataja 69 mwezi Novemba 2024 kwamba zinakopesha bila kibali.

Ngosha_Texas

Habari za huko nyumbani. Mimi ni mtoto wa Igoma niko Texas, nimenunua nyumba huku, naomba nimtetee shemeji kidogo, hajadanganya ila ya huku ni ya huku. Huku kuna alama za FICO, ndo wanazopimia mkopaji, na mikopo mipya pamoja na maulizo vinabeba asilimia 10 tu ya hizo alama, historia ya kulipa ni 35 na madeni unayodaiwa ni 30. Ulizo moja mara nyingi halishushi hata alama tano, linakaa kwenye ripoti miaka miwili ila FICO wanalihesabu mwaka mmoja tu. Siku 45 maana yake ukizungukia wakopeshaji wa nyumba ndani ya muda huo yanahesabiwa kama ulizo moja, na fomula za zamani ni siku 14, ndo maana wenye uzoefu huku wanafanya yote ndani ya wiki mbili. Akaunti mpya inashusha pia wastani wa umri wa mikopo yako. Hivyo vyote ni hesabu ya FICO, usivibebe ukaenda navyo benki Mwanza ukadhani umekingwa.

Lakini kuna kitu kimoja ni kilekile huku na huko. Kabla ya kufunga dili wanaangalia tena. Watu huku wanapata kibali wanakimbilia kukopa makochi na gari, siku ya kusaini wanaambiwa ngoja kwanza.

dawati_la_mikopo

Ngosha umegusa penyewe. Hapa kwetu kati ya ofa na hela kutoka kuna mthamini kwenda kuangalia nyumba, kuna upekuzi wa hati ardhi, kuna kusajili rehani, inaweza kuchukua wiki nyingi na muda wote huo mshahara unaendelea kuingia na salari slipu mpya zinatoka. Kuna mteja wa Nyegezi alishapewa barua ya ofa, akaona muda unaenda akachukua topapu ya mkopo wa mshahara sehemu nyingine anunue vitu vya ndani. Slipu iliyofuata makato yamepanda, nafasi yake ikapungua na ofa ikabidi iandikwe upya kwa kiasi kidogo, muuzaji hakukubali kungoja. Yule mama alilia pale mbele yangu na hakuna nilichoweza kumfanyia.

MamaKulwa

Na mimi niulize hapohapo. Mkewe kama anafanya biashara yake, tuseme dagaa pale Mwaloni, na ana mkopo wa kikundi, unamhusu mume?

dawati_la_mikopo

Dada inategemea. Kama mkopo wa nyumba ni wa jina la mume peke yake kwa mshahara wake, deni la mke halihesabiwi kwenye moja ya tatu, ila mke atasaini kuridhia nyumba kuwekwa rehani. Wakiomba wote wawili ili kipato cha dagaa kiongeze nguvu, basi na madeni ya dagaa yanakuja pamoja nacho. Ile simu ya mkopo nayo angalia imeandikishwa kwa jina la nani.

mtu_wa_Pasiansi

Imeandikwa jina langu. Kwahiyo mkuu nianzie wapi, nina kama 900,000 ya akiba na mwezi ujao kuna hela ya mchezo (upatu) inaingia.

dawati_la_mikopo

Ongea na mwenye nyumba akupe miezi mitatu, muandikishane hata kwa karatasi ya serikali ya mtaa. Maliza simu kwanza maana ni ndogo, hela ya mchezo ikiingia uongeze kwenye akiba umalize pikipiki yote, waulize kama ukimaliza mapema wanapunguza riba. Ukimaliza usiondoke bila barua ya kumaliza deni yenye muhuri, na kadi ya pikipiki ibadilishwe iwe jina lako. Alafu usiende benki siku hiyohiyo, omba ripoti yako mwenyewe CRB, hiyo ni haki yako, uone kama deni limesomeka limefungwa. Likiwa bado linasoma liko wazi, wapelekee barua ile wasahihishe, ndo uje na faili lako.