Filta ya mafuta ya Corolla AE100: nataka kuibadilisha mwenyewe nyumbani

MwalimuMafinga
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla AE100, injini ya 5A, ya mwaka 1994. Silensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) imetulia na mjini inatembea vizuri tu. Shida ni nikipandisha Kitonga na mzigo. Katikati ya mlima inaishiwa nguvu, nakanyaga haijibu, inashtukashtuka kama inataka kuzima. Nikipaki pembeni kidogo, ikiwashwa inaondoka kama si yenyewe. Plagi ni mpya na nyaya zake pia.

Fundi wa hapa kasema filta ya mafuta, ila anataka gari ilale gereji, nami sitaki gari yangu ilale kwa watu. Spana ninazo, marehemu baba alikuwa dereva wa lori na aliniachia sanduku zima. Filta mpya nimeshanunua. Naanzia wapi? Na wanaume wa humu, msiniambie "mpe mumeo afanye". Nawasilisha.

Kijana_Makambako
Dada hiyo kazi ndogo sana. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme), washa gari mpaka izime, presha inakuwa imeisha. Fungua juu, fungua chini, weka mpya. Halafu weka funguo ON mara tatu nne pampu ijaze, piga starta. Umemaliza.

HiaceYaUbungo
Usisahau kupiga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, la sivyo hewa itakusumbua asubuhi.

FundiMstaafu_Tanga
Wewe wa Hiace, hiyo ni dizeli. Gari la mwalimu ni petroli, hakuna pampu ya mkono hapo, ataitafuta mpaka jioni.

Mwalimu, dalili zako zinaelekea kwenye filta kweli. Silensa gari linakunywa mafuta kiduchu, hata filta iliyojaa takataka inalitosheleza. Mlimani ukikanyaga, injini inadai mafuta mengi kwa mkupuo, hapo ndipo filta iliyoziba inaumbuka. Ila pampu iliyochoka inafanya vilevile, na kile kichujio cha wavu ambacho pampu imekivaa ndani ya tenki kikiziba, ni vilevile tena. Filta ndiyo rahisi kuifikia, anza nayo, lakini kaa ukijua kuwa huenda safari haijaisha.

Sasa kijana wa Makambako kakupa maelezo ya magari mengine. Kwenye Toyota hizi fyuzi ya EFI ndiyo inayolisha kompyuta ya injini. Ukiichomoa gari haliwaki kabisa, na presha inabaki palepale kwenye paipu. Ni presha ya karibu bar 3, na gari likishazimwa haiondoki upesi. Ukifungua bolti kwa kuamini imekwisha, petroli inakurukia usoni. Nyanyua kiti cha nyuma, utaona kifuniko kidogo na soketi ya waya wa pampu. Chomoa hiyo soketi. Washa injini, iache inywe yaliyomo kwenye paipu mpaka izime yenyewe, kisha piga starta tena kidogo. Baada ya hapo toa waya hasi wa betri.

Kazi hii ifanye nje, asubuhi, injini ikiwa baridi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini, kwa hiyo hata jiko la mkaa la jirani upande wa bondeni lina habari na wewe. Kizimamoto cha unga kiwe karibu, na kama huna, ndoo ya mchanga. Maji hapana. Vaa miwani.

Filta iko upande wa abiria, chini ya boksi la filta ya hewa. Toa boksi lote, usijibane. Juu kuna bolti yenye tundu katikati, spana 17, ina washa (pete za kuzuia mvujo) mbili, moja juu ya jicho la paipu na moja chini yake. Kwa chini kuna nati ya paipu, nyingi ni 14. Hiyo nati ya chini ndiyo itakayoamua kama utamaliza kabla ya chai ya saa nne au utalala na gari juu ya mawe. Miaka thelathini haijaguswa, na ni laini. Ukiivamia na spana ya mdomo wazi inalika pembe, halafu unaanza kuibana na praizi, na ukiizungusha kwa nguvu inazunguka na paipu yake. Paipu ikijisokota umejitafutia kazi nyingine. Tafuta ile spana ringi iliyokatwa upande, ya paipu za breki, inashika pembe karibu zote. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia. Na siku zote shika mwili wa filta kwa spana ya pili, 19, usiache bano lake likuzuilie.

Unapolegeza bolti ya juu, funika kitambaa, chombo kiwe chini, legeza robo mzunguko na usubiri. Kitakachotoka kitoke polepole.

Kabla ya kufunga mpya, nati ya chini iingize kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa, ndipo uguse spana. Washa ziwe mpya. Mara nyingi zinakuja ndani ya boksi la filta, angalia vizuri kwenye karatasi, watu huzitupa nazo.

Hiyo ya "funguo ON mara tatu" nayo haisaidii hapa. Kwenye injini hii pampu haiendi funguo zikiwa ON peke yake, inaenda starta inapozunguka au injini inapofanya kazi. Kuna kiboksi kidogo kwenye chumba cha injini kimeandikwa DIAGNOSIS, kifungue, ndani ya kifuniko pana ramani ya vitobo. Unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, rudisha soketi ya pampu na betri, weka ON bila kupiga starta. Utaisikia pampu inanguruma nyuma. Ukiwa na tochi (ya betri, si ya moto!) papasa kuzunguka washa na nati. Pakiwa pakavu, toa waya, washa gari.

Filta kuukuu usiitupe. Igeuze, mwaga kupitia tundu mafuta yalikokuwa yanaingilia, kwenye sahani nyeupe, halafu utuambie umeona nini.

MwalimuMafinga
Shikamoo mzee. Nimefanya leo. Nati ya chini imetoka kwa spana uliyosema, nimeazima kwa fundi breki. Baada ya kufunga palivuja tone moja juu, nikakaza kidogo pakakauka. Kwenye sahani yametoka maji ya kahawia mazito, na chini yake unga mwekundu kama tofali lililosagwa. Je, ni mafuta yaliyochakachuliwa?

FundiMstaafu_Tanga
Marahaba. Unga mwekundu ni kutu ya tenki lenyewe. Maji yanaingia kidogo kidogo, na ukizoea kutembea na robo tenki, bati la juu linakaa bila mafuta likila unyevu. Ingekuwa nyeusi kama masizi ningesema mipira na pampu vinalika. Gari litavuta sasa, lakini hiyo filta mpya itajaa mapema kuliko ile ya kwanza. Panga siku moja tenki lishushwe, lioshwe, na wavu wa pampu ubadilishwe. Hiyo mpe fundi, tenki ni zito na mvuke wake si wa kuchezea nyumbani.

Kijana_Makambako
Mzee hilo la fyuzi nimelichukua. Na sisi wenye Toyota za NZE, filta iko wapi? Nimetafuta kwenye injini sijaiona.

FundiMstaafu_Tanga
Yako iko ndani ya tenki pamoja na pampu. Usiendelee kuitafuta kwenye injini. Inatokea chini ya kiti cha nyuma, na mpira wa kuzibia mdomo wa tenki ununue mpya kabla hujafungua, kwa sababu wa zamani ukishatoka unavimba, haurudi.