David Letterman alikosa kiti cha Johnny Carson: ilikuwaje akapata zaidi?

Mwandishi wa Jinja

Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa nikifuatilia maisha ya David Letterman, yule mchekeshaji wa Marekani aliyeendesha vipindi vya usiku tangu mwaka 1982 hadi 2015, na kuna jambo moja linalonitatiza. Wanaosimulia habari zake hueleza kwamba Johnny Carson, aliyeongoza The Tonight Show ya kituo cha televisheni cha NBC tangu 1962, alipostaafu Mei 1992 nafasi yake ilipewa Jay Leno, ilhali Letterman alikuwa amekesha miaka kumi akiendesha kipindi kilichofuata mara tu baada ya kile cha Carson, na Carson mwenyewe alimpenda. Simulizi huachiwa hapo, kana kwamba ni msiba. Mbona basi msiba huo ulimtajirisha na kumpa takriban miaka 22 mingine hewani? Nauliza kwa sababu mimi huandika vichekesho vya kipindi cha usiku katika kituo kimoja cha hapa kwetu, na nimeletewa mkataba mpya wa kutia saini. Je, Letterman aliokolewa na kipaji au na karatasi?

Mzee wa Bombo

Ndugu Mwandishi, kipaji ndicho kilichompa nguvu ya kudai, lakini alichokidai kiliandikwa kwenye karatasi.

Mtu huyu alizaliwa Indianapolis tarehe 12 Aprili 1947, mtoto wa muuza maua. Alianza kwa kusoma utabiri wa hali ya hewa katika televisheni ya mji wake, ambako husimuliwa kwamba aliwahi kuipongeza dhoruba kwa kupandishwa cheo kuwa kimbunga. Mwaka 1975 alihamia Los Angeles kutafuta riziki katika vilabu vya vichekesho, na miaka mitatu baadaye Carson akamwalika kwenye kipindi chake. NBC ilimpa kipindi cha asubuhi mwaka 1980, nacho kikafutwa baada ya miezi minne tu, ingawa kilishinda tuzo za televisheni ziitwazo Emmy. Utani wake wa kejeli haukuwafaa watu wanaoandaa chai ya watoto. Tarehe 1 Februari 1982 akarejea na Late Night, saa sita na nusu usiku, mgeni wake wa kwanza akiwa Bill Murray.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita haraka. Carson, katika mkataba wake wa mwaka 1980, alikuwa ameipata haki ya kumiliki The Tonight Show, na kampuni yake ndiyo iliyoshirikiana na NBC kutengeneza kipindi cha Letterman. Kwa hiyo kijana huyu alifanya kazi miaka yote chini ya mtu aliyekuwa mwenye kipindi, si mwajiriwa mashuhuri tu.

Letterman alipohamia CBS, kituo pinzani, mwaka 1993, NBC ilidai kwamba vitu vingi alivyowazoesha watazamaji ni mali ya NBC. Orodha yake ya kuchekesha ya mambo kumi ililazimika kuongezewa jina la kipindi kipya. Bendi ya kipindi, iliyoongozwa na Paul Shaffer, ikabadilishwa jina ikawa CBS Orchestra. Calvert DeForest, mzee mchekeshaji aliyependwa sana kwa jina la Larry "Bud" Melman, aliliacha jina hilo NBC akaonekana kwa jina lake halisi. Fikiria mtu anazuiwa kutumia jina ambalo watoto wanamwitia barabarani!

Ndiyo maana mkataba wa CBS ulikuwa wa namna nyingine. Kampuni ya Letterman, Worldwide Pants, ilimiliki Late Show, kipindi chake kipya, na kuanzia 1995 ikatengeneza pia kipindi kilichofuata baada yake. Faida ya umiliki huo ilionekana wazi wakati wa mgomo wa waandishi uliovifunga vipindi vya usiku tangu Novemba 2007. Worldwide Pants iliafikiana yenyewe na chama cha waandishi bila kungoja makampuni makubwa, na tarehe 2 Januari 2008 Letterman akarudi hewani, mwenye ndevu, pamoja na waandishi wake. Usiku huohuo Leno naye alirudi, lakini waandishi wake walikuwa bado katika mgomo.

Dada wa Mbale

Mzee wetu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu mikataba, ila tusimfanye Letterman mshindi wa kila kitu. Kuanzia mwaka 1995 Leno alimpita kwa idadi ya watazamaji, na kwa miaka mingi iliyofuata akabaki mbele. Tena mwaka 2009, baada ya mtu mmoja kujaribu kumtoza fedha kwa vitisho, ilimbidi akiri hadharani kwamba alikuwa na mahusiano na wanawake waliofanya kazi katika kipindi chake; hapo kumiliki kampuni kunageuka swali zito, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwajiri wao. Mimi humkumbuka zaidi kwa usiku wa tarehe 17 Septemba 2001, alipokaa New York na kuzungumza kwa uchungu kuhusu mashambulizi ya Septemba 11, bila kutafuta kicheko. Kipaji cha kujua wakati wa kunyamaza hakiandikwi katika mkataba wowote.

Mwanasheria wa Kampala

Kwa upande wa Uganda, Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 huipa hakimiliki ya kazi iliyotungwa katika ajira kwa mwajiri, isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo. Wazo tupu pia halilindwi. Kinacholindwa ni namna wazo lilivyoelezwa katika maandishi au rekodi. Anayesambaza video zake mwenyewe, kama alivyofanya mchekeshaji wetu Anne Kansiime kupitia YouTube, yuko katika hali tofauti na yako. Wewe unaandika ukiwa kazini, kwa hiyo maneno ya "isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo" ndiyo unayopaswa kuyatumia kabla hujatia saini.

Mwandishi wa Jinja

Nashukuru sana, wakubwa. Je, wahusika niliowabuni jukwaani kabla sijaajiriwa nao watachukuliwa na kituo?

Mzee wa Bombo

Hapo Letterman anakufaa tena. Kile kipengele chake cha wanyama wa nyumbani wanaofanya vituko hakikubaki NBC, kwa kuwa kilianzia katika kipindi cha asubuhi cha mwaka 1980, ambacho haki zake alikuwa nazo mwenyewe. Kile kipindi kilichofutwa ndicho kilichomhifadhia mbwa wake. Waorodheshe wahusika wako wote kwa majina, ambatisha maandiko au video za zamani zenye tarehe, na udai orodha hiyo iwe kiambatisho cha mkataba.